Ajitahidi Kufanya Nini?

Mpendwa mshauri, shikamoo. Miaka mingi nimekuwa nikisoma safu yako wakati wa mapumziko, tukiwa ofisi ya walimu tunacheka matatizo ya watu, huyu kanyang'anywa mchumba, yule kahamiwa na mama mkwe na masanduku yake yote, na sikudhani hata siku moja kwamba nitakaa chini nikuandikie mimi, tena si kwa ajili ya mume wala mkwe bali kwa ajili ya mihuri mitatu ya mpira, lakini nimefika mahali sioni mbele wala nyuma, kwa hiyo naomba unisaidie na tafadhali usitaje jina langu wala la shule.

Mimi nafundisha hesabu darasa la nne na ndiye mwalimu wa darasa hilo, watoto arobaini na saba, mwaka wangu wa kumi na mbili kazini. Zamani kila mwisho wa muhula tulikuwa tunaandika maoni ya ripoti kwa mkono, kazi ya siku mbili, kidole kinaota sugu, na ukweli ni kwamba ukifika mtoto wa ishirini maneno yameisha na unaanza kurudia yale yale. Basi mwaka juzi mwalimu mkuu akatuletea mihuri mitatu aliyoichongesha, wa kwanza unasema HONGERA, ENDELEA HIVYO, wa pili unasema ANAENDELEA VIZURI, AONGEZE BIDII, na wa tatu unasema AJITAHIDI ZAIDI, na utaratibu wake ni mwepesi hata mlinzi angeweza, nafasi ya kwanza hadi ya kumi unapiga wa kwanza, ya kumi na moja hadi ya thelathini na tano unapiga wa pili, waliobaki wa tatu. Sitakudanganya, mzee wangu, nilifurahi. Siku ya kwanza tulimaliza ripoti za shule nzima kabla ya chai, mwalimu wa darasa la tano ambaye tunamwita Profesa akipiga mhuri kwa mkono wa kulia na kula mkate wa siagi kwa mkono wa kushoto, tukamwambia, "Profesa, angalia unawapaka watoto wa watu siagi," akajibu, "Hiyo siagi ndiyo maoni binafsi ya mwalimu," tukacheka mpaka machozi, na mimi nilikuwa nacheka kuliko wote.

Sasa kuna msichana mmoja darasani kwangu, mpole, mwandiko wake mzuri kuliko wangu, ambaye mwisho wa mwaka jana aliambiwa arudie darasa, maana yake nimemfundisha miaka miwili mfululizo, na muda wote huo amekuwa wa arobaini na tano, wa arobaini na saba, wa arobaini na sita, hatoki huko chini. Siku moja nilipokuwa nasoma nafasi mbele ya darasa nikasema kwa utani tu, "Na mkia wetu yuko wapi leo?" na darasa likacheka, na tangu siku hiyo jina lake likawa Mkia, hata mimi nimewahi kumwita hivyo nikiwa na haraka, naandika jambo hili kwa aibu lakini nimesema nitakueleza yote.

Jumatano moja, wiki tatu zimepita, mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa umeshasahihishwa na nafasi zimeshapangwa, mama yake akaja mlangoni. Anafanya kazi ya dobi hospitalini, alikuja na sare yake ya kazi, mikono imekunjamana kwa maji, ameshika ripoti tano zimefungwa kwa utepe.

"Mwalimu, samahani, nina swali moja tu."

"Karibu mama, lakini nina kipindi."

"Halichukui muda. Ripoti hii inasema ajitahidi zaidi. Hii nayo. Hii. Hii. Na hii. Ajitahidi kufanya nini?"

Nikamwambia ajitahidi kwenye masomo. Akauliza somo gani. Nikasema hasa hesabu. Akauliza hesabu gani. Mzee wangu, nilijua alama zake, nilijua nafasi yake, nilijua hata jina la utani nililompa, lakini hesabu iliyomshinda sikuijua. Yule mama akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, bora angenipigia kelele:

"Mimi nafua mashuka. Shuka likirudishwa chumba cha kufulia linakuja na karatasi: hili lina damu, hili lina dawa ya rangi, hili limechanika pembeni. Nikisoma karatasi najua nishike sabuni gani. Tangu nianze kazi sijaletewa shuka limeandikwa lijitahidi."

Nilitaka kucheka lakini hakuwa anatania.

"Huyu mtoto nimemwamsha saa kumi na moja alfajiri miaka miwili. Nimemfichia kamba yake ya kuruka. Nimemchapa. Nimemchapa, mwalimu, kwa ajili ya karatasi yako, na sijui nilikuwa namchapia nini. Sasa ananiambia hataki shule, anataka aje afue na mimi. Ana miaka kumi na moja."

Akaondoka. Kipindi kile sijui nilifundisha nini. Jioni nikafungua kabati la mitihani ya zamani, nikatoa karatasi zake zote sita, nikazipanga mezani, na kwa mara ya kwanza sikutazama alama juu, nilitazama majibu. Hamsini na mbili toa thelathini na nane ameandika ishirini na sita. Sabini na moja toa arobaini na tano ameandika thelathini na nne. Tisini toa ishirini na saba ameandika sabini na saba. Kila mahali, mihula sita, kosa ni lile lile moja, tarakimu ndogo anaitoa kwenye kubwa popote ilipo, iwe juu iwe chini, hajui kuazima kumi ya jirani. Na kwa kuwa hajui hilo, kugawanya kwa njia ndefu kumemshinda, mafumbo yamemshinda, kila chenye kutoa ndani yake kimemshinda. Kesho yake nikamuuliza mwenyewe taratibu kwa nini anafanya hivyo, akanijibu bila wasiwasi, "Mwalimu ulisema kubwa haitoki kwenye ndogo." Ni kweli nilisema. Nasema kila mwaka. Mtoto alinitii miaka miwili, nami nikampa mkia.

Nikapekua karatasi za darasa zima. Kumi na mmoja wengine wana kosa hilo hilo, mmoja wao ni wa tisa na ripoti zake zote zina mhuri wa hongera.

Basi nikaanza kukaa nao wote kumi na wawili wakati wa mapumziko, na njiti za kiberiti nilizozifunga kumi kumi kwa uzi, ukitaka kutoa nane na una mbili tu unafungua fungu moja. Siku ya tano yule msichana akafungua fungu, akahesabu, akahesabu tena, akasema, "Kumbe fungu linafunguliwa!" kana kwamba nilikuwa nimemficha siri. Siku ya nane nikampa maswali kumi mapya, akapata tisa. Nikapandwa na moyo. Nikaamua ripoti za muhula huu naziandika kwa mkono zote arobaini na saba, kila mtoto anachokijua, asichokijua, na la kufanya nyumbani. Wa tisa yule nikamwandikia, "Anajumlisha na kuzidisha vizuri, bado hajui kutoa kwa kuazima, apewe maswali matatu kila jioni kwa kutumia njiti." Nimewaandikia hivyo karibu wote, isipokuwa mmoja nilimwandikia "mvivu wa kuzaliwa" kwa sababu ndivyo alivyo.

Ijumaa mwalimu mkuu akaniita. Ripoti zangu zilikuwa mezani kwake. "Mwalimu, hizi ni ripoti au mashitaka?" Nikamwambia ni ripoti. "Ukimwandikia mzazi kwamba mwanawe hajui kutoa, unadhani atauliza nini? Atauliza anafundishwa na nani!" Nikamjibu, "Mkuu, aulize, jibu ni mimi." Akasema, "Basi jishitaki kwenye karatasi zako, si za shule." Akanirudishia zangu, akanipa fomu mpya arobaini na saba na kidau cha wino, nizirudishe zimepigwa mihuri kabla ya Ijumaa ijayo, siku ya kufunga shule, la sivyo mwakani nitakuwa nahesabu madawati stoo. Wenzangu nao wamenigeukia, Profesa kanipitia mlangoni akaniambia, "Dada, ukianza kuandika wewe, kesho wazazi watatudai sote tuandike, unatuua." Mume wangu, ni fundi wa friji na ni mtu mwema, ananiambia, "Mke wangu, piga mihuri ule ulale, hiyo shule si ya baba yako."

Nilitaka kusahau, kuna orodha ya watoto watano wa kurudia darasa ambayo itasomwa mbele ya wazazi siku hiyo ya Ijumaa. Niliisaini Jumatatu, siku mbili kabla mama hajaja, na yule msichana yumo, itakuwa mara yake ya tatu darasa la nne, lakini mkuu anasema orodha imeshafungwa, hivyo hilo limeshapita. Mama yake sijamwambia. Kila nikimwona getini najifanya nasoma simu.

Swali langu ni moja, mzee wangu: nipige mihuri, au nigome?

Mwalimu Aliyechoka.

*

JIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako ililetwa kwa mkono Jumatatu, nikawaomba wahariri waitangulize mbele ya mchumba aliyenyang'anywa, naye atatuwia radhi. Nilishika chaki miaka thelathini na minne kabla ya kukaa kwenye kiti hiki, kwa hiyo leo sitazungumza kama mgeni aliyepita dirishani. Nitakueleza, na baadhi ya nitakayosema yatakuuma.

Nianze na hasira, maana nisipoitoa itanichafulia jibu. Watu wazima, wenye vyeti, wamekaa kwenye meza na kidau cha wino, wakaangalia mwaka mzima wa maisha ya mtoto, wakaona unatoshwa na maneno mawili yaliyochongwa kwenye mpira. Wakala mkate. Wakacheka. Na nyumbani mama akaamka saa kumi na moja, akashika fimbo kutekeleza maneno hayo mawili. Ningekuwa karibu ningevibeba vidau vyenu vyote nikavimwage chooni. Haya, imetoka.

Sasa tuelewane. Yule mama wa mashuka ameeleza kazi ya kupima wanafunzi vizuri kuliko semina zote nilizowahi kukalia, na nyingine zilikuwa za siku tano. Doa lina jina. Ukilijua jina unajua sabuni. Alama haina jina la doa. Alama inasema shuka ni chafu kiasi gani, na nafasi inasema ni chafu kuliko la nani, basi. Nilipokuwa mkaguzi wa shule, miaka yangu ya mwisho kazini, niliingia darasa moja nikamuuliza mtoto wa mbele, "Bwana mdogo, unajifunza nini siku hizi?" Akasimama wima akanijibu, "Mimi ni wa sita." Mwalimu wake akatabasamu kwa fahari. Mimi nilikwenda kukaa nyuma, nikafunga daftari la ukaguzi.

Huyo msichana wako alikuandikia mara sita, mwanangu. Kila mtihani alikueleza kwa mwandiko wake mzuri, hapa ndipo nilipokwama, tazama, nimekwama pale pale. Wewe ukahesabu makosa yake, ukaandika jumla juu kwa wino mwekundu, ukamfungia kabatini. Mtihani si mwisho wa kufundisha. Unasahihisha Jumatano ili ujue Alhamisi ufundishe nini. Ukisahihisha ili upange foleni tu, umefanya kazi ya karani wa foleni, na hiyo haihitaji mwalimu wa miaka kumi na miwili.

Na ile kanuni yako, kubwa haitoki kwenye ndogo, kuanzia leo iache. Walimu tunapenda kanuni fupi kwa sababu zinanyamazisha darasa. Mtoto mtiifu huishika moja kwa moja mpaka imnyonge. Waambie: kubwa ikishindwa kutoka, tunabisha hodi kwa jirani. Watakuelewa.

Ulipofungua kabati lile, lakini, ulifanya jambo ambalo wengi hawalifanyi mpaka wanastaafu. Ungeweza kumkasirikia yule mama. Wengi humkasirikia. Ungeweza kusema huyu mtoto ni mzito. Badala yake ulitazama majibu, ukamuuliza mtoto mwenyewe, ukafunga njiti kwa uzi, na katika siku nane ukafundisha kilichokushinda miaka miwili. Kwa hilo nakupongeza, tena kwa maneno yangu mwenyewe.

Pongezi zimeisha. "Mvivu wa kuzaliwa" ni nini? Umetukana mihuri ya mkuu wako kisha ukachonga wa kwako kwa kalamu! Uvivu wa kuzaliwa ndio doa gani, na baba wa huyo mtoto akilisoma atashika sabuni ipi? Nitakuambia atakachoshika: mkanda. Una ushahidi mlangoni kwako kwamba wazazi huchapa wasipoelezwa la kufanya, na bado umeandika. Karatasi hiyo ichane leo. Kisha chukua mtihani wake, uketi nao kama ulivyoketi na wa yule msichana. Nakuwekea nadhiri utakuta kitu.

Mkuu wako namwelewa, ingawa simtetei. Wazazi wanafika getini na swali moja, wa ngapi? Ofisi ya elimu inampigia simu na swali moja, wastani wenu ngapi? Hakuna anayemuuliza watoto wamekwama wapi, naye amejifunza kuwapa watu wanachokiuliza. Na ninyi wazazi mnaosoma hapa huku mkitikisa vichwa, msijifanye hamumo. Mtoto akileta ripoti, swali la kwanza liwe, "Nionyeshe ulichokosea," na la pili, "Twende tukafanye pamoja." Mkiuliza nafasi, mtapewa nafasi.

Haya, swali lako: nipige mihuri au nigome? Mwanangu, umeuliza swali lisilo lenyewe. Umeandika kurasa tatu juu ya fomu arobaini na saba, na jambo zito umelitupia mwishoni kama mtu anayekumbuka kununua chumvi. "Nilitaka kusahau," unasema. Unataka kusahau kweli! Mhuri hauna uongo ndani yake, hauna kitu chochote ndani yake. Orodha ndiyo yenye uongo. Orodha inasema mtoto huyu hawezi kwenda darasa la tano kwa sababu hajui hesabu, na wewe peke yako duniani unajua kwamba hilo si kweli tena, kwa sababu ulimpa maswali kumi akapata tisa. Na jina lako liko chini ya orodha hiyo. Ijumaa wazazi wote watakuwa wamekaa, na mtoto wa miaka kumi na moja ataitwa akae darasa la nne kwa mara ya tatu, halafu Jumatatu atakwenda kufua mashuka. Wewe utakuwa umeshinda au umeshindwa vita vya mihuri, yeye hatakuwa shuleni kujua.

"Hilo limeshapita." Limepita wapi? Orodha haijasomwa. Mwiba hutokea ulikoingilia: saini iliingia kwa kalamu yako, itatoka kwa kalamu yako.

Kwa hiyo mihuri piga. Ndiyo, umenisikia, piga yote, usigombane nayo wiki hii, mwalimu aliyetupwa stoo hamsaidii mtu. Fomu zile ulizoandika kwa mkono usizichane isipokuwa ile moja. Kama mkuu alivyokuambia, maneno yako yaandike kwenye karatasi zako. Vema, mtii. Kata vipande vya karatasi, nakili yale uliyokwishaandika, na Ijumaa mzazi akija mezani kwako kuchukua ripoti, mpe ripoti kwa mkono mmoja na kipande kwa mkono mwingine, umweleze kwa mdomo. Hakuna mkuu anayeweza kumkataza mwalimu wa darasa kuzungumza na mzazi aliyesimama mbele yake. Wakianza kuja mwakani wakiuliza hicho kipande kiko wapi, Profesa atanuna, kisha ataandika. Mumeo msalimie, mwambie hiyo shule ni ya mtoto wa mtu.

Orodha ni jambo jingine, hapo usirudi nyuma hata hatua. Andika barua fupi kwa mkuu, mistari minne, isiyo na malalamiko: kwamba ulisaini tarehe fulani, kwamba baada ya hapo ulimpima tena mwanafunzi na haya ndiyo matokeo, kwamba unaondoa saini yako na unaomba avuke. Ambatanisha karatasi zile sita na ile ya maswali kumi. Fanya nakala ubaki nayo. Usiingie na hasira, uingie na mtoto. Mwambie mkuu, "Mkuu, tunga maswali matano ya kutoa wewe mwenyewe, umpe hapa hapa mezani." Mkuu huyo aliwahi kuwa mwalimu, na mwalimu yeyote akimwona mtoto anafungua kumi la jirani bila kusitasita, anajua anachokiona. Akikubali, mshukuru, usimkumbushe ya Ijumaa iliyopita. Akikataa, barua yenye nakala inakwenda kwa kamati ya shule kabla orodha haijasomwa, na mama anakwenda nayo, kwa sababu mtoto ni wake.

Hao wengine wanne walio kwenye orodha, je, umefungua karatasi zao? Barua yako haisemi. Zifungue.

Halafu nenda kwa yule mama. Si getini, na simu iache nyumbani. Nenda chumba cha kufulia saa ya kutoka kazini, umwambie maneno ambayo walimu tunayaona mazito kuliko gunia: swali lako lilikuwa sahihi, jibu nimelipata, mtoto wako hakuwa mzembe, alikuwa ananitii, kosa lilikuwa langu. Mwonyeshe zile hesabu. Mwambie amrudishie kamba yake. Usimwombe akuelewe. Akikufokea, simama, ufokewe. Amechapa mtoto bure kwa ajili yako, ana haki ya dakika kumi za kelele.

Na lile jina ulilompa mtoto mbele ya wenzake, likome mbele ya wenzake. Usimwite pembeni ukamnong'oneza pole. Simama ulipokuwa umesimama siku ile, uwaambie darasa zima kwamba mwalimu alikosea, umwite kwa jina alilopewa na mama yake, kisha umpe chaki aje ubaoni awafundishe wale kumi na mmoja namna fungu linavyofunguliwa. Watoto wana huruma kuliko ofisi ya walimu.

Gazeti hili limekufikia Jumatano. Wazazi wanakaa Ijumaa saa tatu. Katikati una Alhamisi nzima: asubuhi ofisini kwa mkuu na mtoto, kabla ya kengele ya mapumziko darasani, jioni hospitalini. Usinijibu wala usiniandikie asante, huo muda huna. Andika ile mistari minne sasa hivi, kabla hujakunja gazeti.